Yai, Chumvi na Sarafu ya Won Kumi

Wifi yangu Pil-sun haambiliki hasemezeki, na nasema hivi huku nampenda. Mimi nimeolewa na mdogo wake, tunakaa jengo moja hapa Namwon, kwa hiyo kelele zake nimezila miaka thelathini. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Mwaka 2005 binti yake wa pekee, Mi-ryeong, kabla ya kwenda chuo, alimfungulia ukurasa kwenye mtandao ili aandike mapishi yake na kupumzisha masikio ya watu wa nyumbani.

Akaandika namna ya kutengeneza mchuzi wa soya. Unaloweka mabonge ya soya iliyopikwa na kuchachushwa kwenye mtungi wa maji ya chumvi, na chumvi unaipima kwa yai bichi: likielea na kipande kinachochungulia juu kikilingana na sarafu yetu ya won kumi, imetosha. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Basi mwaka uliofuata serikali ikatoa sarafu mpya ya won kumi, kidude kama kifungo cha shati. Watu wakapima kwa hiyo mpya, chumvi ikapungua, mitungi ikaota ukungu. Mama mmoja wa Busan alimwandikia matusi ambayo mpaka leo akiyakumbuka anavua miwani.

Pil-sun akaongeza mstari mwekundu mwisho kabisa wa ukurasa: sarafu ni ile ya zamani, kubwa, hii mpya haifai. Nilimwambia arekebishe kule juu. Akasema aliyoyasema ameyasema, anayetaka kujifunza atasoma hadi chini. Na kweli walisoma. Mtu alikuwa akitafuta kwenye mtandao habari za mchuzi wa soya anapelekwa kwake, anasoma, anafika chini, anabaki hapo kubishana na wenzake kuhusu chumvi. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Pil-sun alikuwa anatazama idadi ya wageni. Msimu ukifika, Februari, walikuwa mia nane kwa siku.

Halafu wakaanza kupungua. Mia mbili. Sitini. Februari ya mwaka jana, kumi na tisa. Alidhani kompyuta imeharibika. Nikamweleza kwamba siku hizi watu hawatafuti tena, wanaiuliza mashine kwenye simu, nayo inawajibu yenyewe bila kuwapeleka kwa mtu. Akaniamuru niiulize. Ikajibu kwa adabu, mistari minne, na ndani yake yai lilikuwa linachungulia kiasi cha sarafu ya won kumi. Mstari mwekundu haukuwemo.

Alisoma mara mbili. "Haya ni maneno yangu," akasema, "ila wameyakata miguu."

Hakulala vizuri wiki ile. Wageni kumi na tisa hawakumuumiza kama wale ambao hawakuja, wenye mitungi yao huko waliko. Akahamisha mstari mwekundu kwenda juu, kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimemzuia.

Mwezi wa tatu Mi-ryeong akapiga simu kutoka Suwon. Ana miaka arobaini, hajawahi kutengeneza mchuzi wa soya, na kumbe mwaka ule alikuwa amejaribu, kwenye kibaraza cha ghorofa ya kumi. Sasa mtungi ulikuwa umeota ukungu na unanuka, na alitaka kujua kama amwage. Nilikuwepo, simu ilikuwa mezani inasikika. Mama yake akamuuliza alipimaje chumvi. Kwa yai na sarafu ya won kumi, akasema. Nani kakuambia? Mashine.

Nikajiandaa kuziba masikio. Lakini Pil-sun aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Kwa sababu yenyewe hainigombezi, mama."

Mimi nilitazama dirishani. Ni kweli tupu. Mara ya mwisho Mi-ryeong alipouliza kitu, habari ya kachumbari ya figili, aligombezwa dakika ishirini nzima kwa kununua vitunguu saumu vilivyokwisha kumenywa.

Kesho yake tulipanda basi kwenda Suwon, mimi kama mwamuzi. Pil-sun alibeba kilo mbili za chumvi, yai ndani ya soksi, na sarafu ya won kumi ya zamani aliyoitoa kwenye kopo la sindano. Akaengua ukungu, akatoa mabonge, akachemsha yale maji na chumvi zaidi, akayaacha yapoe, akaelesha yai mpaka likakubali. Siku nzima hakumgombeza mtu. Alipofungua friji na kuona vitunguu saumu vimemenywa, ndani ya mfuko wa dukani, shingo ilimvimba, akafunga mlango na kuomba maji ya kunywa. Sijawahi kumwona akifanya kazi ngumu kama ile. Sarafu aliiacha juu ya mfuniko wa mtungi.

Mchuzi ulitoka mweusi kidogo kuliko kawaida, lakini unalika.

Mwaka huu, Februari, ukurasa ulikuwa na wageni sita. Pil-sun alijidai hajali, akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Simu ikalia. Ilikuwa picha kutoka kwa Mi-ryeong: yai linaelea kwenye maji ya chumvi, na pembeni, kwenye ukingo wa mtungi, ile sarafu kubwa ya zamani. Chini ameandika, Mama, imetosha?

Wifi yangu aliandika ujumbe mrefu, nikamwona anaufuta wote. Akaandika: Imetosha, mwanangu.

Nikamwambia hata kipofu angeona kwamba imetosha, sarafu iko hapo hapo kando ya yai, vimelingana, sasa mtoto anauliza nini?

"Anajua," Pil-sun akasema, akijifuta uso kwa aproni. "Ameniuliza tu."