Taa za Msituni na Uyoga wa Shemeji Bunrye

Hapa Solgol hakuna anayejua uyoga wa songi, ule wa bei unaoota chini ya misonobari, kumpita shemeji yangu Bunrye, mjane wa kaka. Ningekuwa mimi, lakini mama yetu, siku anakata roho, alimwita yeye akamnong'oneza unakoota. Sisi wanawe wa kuzaa tukaachwa tunatazama ukuta. Ndiyo desturi: mahali pa songi humwambii hata mwanao mpaka kifo kikushike mguu. Kwa uyoga huo Bunrye amesomesha mtoto, ameezeka nyumba, na hajaomba mtu chumvi.

Vuli hii taa zikaonekana usiku kwenye misonobari. Kijiji kizima kikasema ni dokkebi, mazimwi ya kwetu, watu wakayapelekea pombe ya mchele. Bunrye akaguna.

"Zimwi gani linazima taa mbwa akibweka?" akaniuliza, macho kwenye viatu vyangu.

"Shemeji, mimi niliyezawadiwa fahali kwenye mieleka, nitambae gizani kama panya?"

"Fahali mwenyewe hatukumwona. Leo utakesha ninapokuona."

Akanifunga kitambaa machoni, akanizungusha mara tatu, akanipandisha mlima kwa kunivuta mkanda. Nilianguka kidogo, ila shujaa hahesabu. Aliponifungua tulikuwa chini ya msonobari, na harufu ya songi ikanijaa puani hadi nikameza mate.

"Usipumue sana," akasema.

Taa ikaja. Ndogo, nyeupe, usawa wa paji la uso wa mtu. Inainama, inasimama, inainama tena. Nywele zilinisimama, kwa baridi tu. Ilipofika hatua kumi ikakohoa. Kikohozi kile nakijua tangu kingali kinabebwa mgongoni: cha Kwangsu, mwana wa pekee wa Bunrye, aliyerudi kutoka mjini baada ya kupunguzwa kazi kiwandani.

"Mwite," nikanong'ona. "Ni mwanao, na anaelekea korongoni."

Akaniziba mdomo. Akiita, siri ya mama imekwisha. Akinyamaza, mtoto anaporomoka. Akaniachia masharubu. Kisha akaokota jiwe, akalirusha kule korongoni. Likagonga, likabiringika. Taa ikaruka, ikageuka, ikateremka mbio kuelekea kijijini.

Asubuhi tulikula supu, watatu.

"Mama," Kwangsu akasema, "eti yale mazimwi yanarusha mawe."

"Kasema nani?"

"Watu." Akanigeukia. "Baba mdogo, huo ulimbo kwenye suruali yako umetoka wapi?"

"Na hizo sindano za msonobari kichwani kwako?"

"Kuleni," akasema Bunrye.

Tangu hapo Bunrye hutoka kabla hatujaamka, kila siku kwa njia nyingine. Juzi alikuwa na mafua, nikamwuliza, kwa wema kabisa, anajisikiaje.

Akaweka kijiko chini.

"Kwa nini unauliza?"