Mbwa Aliyejua Mkono Wangu Tu

Mume wangu ni mtu wa kanuni. Alipoleta mbwa wa ulinzi kutoka kwa kaka yake Njukini, alinikalisha sebuleni akanisomea sheria kana kwamba ni mimi niliyeletwa. Mbwa wa ulinzi, alisema, hulishwa na mkono mmoja tu, ili mwizi asipate kumtupia nyama yenye sumu. Mkono huo uwe wangu, kwa sababu yeye ana kazi nyingi. Kazi zenyewe nazijua: redio na gazeti.

Banda alilijenga mwenyewe, mabati juu, mabati ubavuni, mlango ukitazama jua la alasiri. Nilimwambia kwamba mabati ya Voi saa nane mchana hukaanga yai. Akanijibu kuwa mbwa hajalalamika. Siku hizi banda liko kivulini, chini ya mwarobaini, na lina vyumba viwili, ili mbwa afungiwe kimoja unapofagia kingine. Wakati huo lilikuwa na chumba kimoja, na aliyeweza kuingia ni mimi peke yangu.

Kisha shangazi yangu akafariki, nikapanda milimani Sagalla kumzika. Nilimwachia mbwa chakula na sufuria ya maji, nikitarajia kurudi jioni. Mazishi yakasogezwa hadi kesho yake.

Kesho yake mchana nikampigia mume wangu simu. "Baba, mbwa iko aje?"

"Iko sawa," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyevunja kikombe cha wageni.

Nikambana, akakiri. Mbwa alikuwa ameimwaga sufuria tangu jana. Sasa alihema ulimi nje, na kila mume wangu alipogusa komeo, alimrukia. Alijaribu kumimina maji kupitia upenyo wa mlango, yakamezwa na mchanga. Niliogopa kwelikweli. Kutoka kule hadi nyumbani, hata bodaboda ikiruka mawe, ni zaidi ya saa nzima, na kwa joto lile mbwa hangengoja.

"Weka loudspeaker," nikamwambia. "Peleka simu hapo mlangoni kwake."

Hivyo, nje ya kanisa, mbele ya wazee na akina mama waliojifunga leso, nikaanza: "Kipenzi cha mama, umechoka, eeh? Pole, baba. Pole, moyo wangu. Tulia uletewe maji, mzuri wangu." Mama mmoja akamuuliza mwenzake kama siku hizi waume wa Voi hubembelezwa hivyo. Niliona haya, lakini sikunyamaza. Nilimpenda yule mbwa.

"Imelala chini," mume wangu akanong'ona. "Inakusikiliza."

"Ingia polepole. Usiiangalie machoni."

Nikaendelea kubembeleza. Komeo likalia, sufuria ikagusa chini, komeo likalia tena. Kisha nikasikia ulimi ukipiga maji, chap chap chap. Machozi yakanitoka, na waombolezaji wakanishika mabega wakidhani namlilia shangazi.

"Imekunywa?" nikauliza.

"Imemaliza yote."

"Basi wacha nikate, jeneza linatolewa kanisani."

"Ngoja kwanza." Akakohoa kidogo. "Hebu endelea, mama. Hata mimi ni miaka mingi sijaambiwa hivyo."