Nguzo ya Punda

Katika mtaa wa juu wa mji wa Safranbolu, mwanamke alipimwa kwa mbao za sakafu yake, na za Bi Zekiye zilikuwa nyeupe kama maziwa ya mgando. Kila Alhamisi alipiga magoti akazisugua kwa majivu na mchanga mpaka mikono ikamchubuka. Mgeni akivua viatu mlangoni, Bi Zekiye alimtazama kwanza nyayo za soksi, ndipo akamtazama usoni.

Ukumbi wake wa ghorofani ulikuwa mpana kuliko wote mtaani, kwa hiyo harusi zikikaribia watu walikuja kuuazima. Mwaka ule aliyekuja ni Huriye, jirani wa ng'ambo ya njia. Hawa wawili walikuwa wakipimana ubavu tangu usichana. Binti yake Huriye, Nigar, alikuwa anaolewa, na mama mtu alitaka mahali pa kumtilia hina.

"Nyumba yangu ni yako, dada," Zekiye alisema, na moyo ukamwia mtamu kama halua.

Huriye alishukuru, akateremka ngazi. Kule chini alisimama, akaigonga kwa pete yake ile nguzo ya mwaloni iliyokuwa katikati ya sebule.

"Ila hii nguzo ya punda, mwenzangu! Bibi harusi anaingia, anapokewa na pahali pa kufungia punda?" Akacheka, akaenda zake.

Ni kweli punda walifungwa pale zamani, na kamba zao zilikuwa zimeacha mikato kwenye mti. Lakini Zekiye alijua kazi ya nguzo ile. Baba mkwe wake, aliyeijenga nyumba kwa mikono yake, alimwonyesha siku Zekiye alipoletwa pale akiwa bibi harusi. "Tazama, mwanangu. Chumba chembamba, boriti hutoka ukuta huu zikalala juu ya ukuta ule, basi, yametosha. Chumba kipana, boriti hulegea tumbo, ndiyo maana chini yake tunapitisha mhimili, boriti nene ya kuzibeba. Lakini ukumbi mkubwa kama huu wako, hata mhimili mwenyewe anataka wa kumshika mkono. Ndiye huyu." Akaipapasa nguzo kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake.

Zekiye hakusahau hata neno moja. Lakini kicheko cha Huriye kilimchoma, na sikio la kufa halisikii dawa. Alimwita seremala mgeni, mtu asiyeijua nyumba, akamwambia aikate.

Seremala alitazama juu. "Bi, una hakika haijabeba kitu?"

"Baba mkwe wangu aliiweka ya kufungia punda. Aliniambia kwa kinywa chake, Mungu amrehemu."

"Huku juu naona imebana."

"Umekuja kukata, au umekuja kunihoji?"

Akakata. Mti wenyewe ulikuwa mzuri mno kuchomwa, kwa hiyo Zekiye akaagiza ufanywe benchi, likawekwa uani chini ya mzabibu. Sakafu haikusema kitu. Ila kesho yake mlango wa kabati la ukutani kule juu uligoma kufunga. Zekiye akaupaka sabuni.

Siku ya hina wanawake walijaa baada ya sala ya alasiri, na Huriye alipopita sebuleni akaangaza macho, hakuona dosari. Tari zikalia, watu wakaanza kucheza. Zekiye alikuwa amebeba sinia ya chai alipoona chai inacheza ndani ya bilauri. Kisha sakafu ikadidimia chini ya kisigino chake kama donge la unga, ikarudi. Mlango wa kabati ukafunguka wenyewe.

"Kaeni basi, jamani, chai inapoa!" akasema Zekiye.

"Chai inywewe na ukuta!" akajibu Makbule, mpiga tari. "Bi Zekiye anaogopea mbao zake! Wanawake, vueni na soksi, tusimkwaruzie kipenzi chake!"

Wakaangua kicheko. Huriye akamgeukia. "Kama tumekuchosha, dada, sema."

Zekiye akaiweka sinia chini. Wimbo wa bibi harusi ulikuwa umeanza, ule wa kumliza, na wanawake walimzunguka Nigar wakikanyaga kwa pamoja. Akajiambia, huu mmoja tu, ukiisha watakaa. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, pale boriti zinapoingia kwenye jiwe. Alijua kwa nini amechagua kusimama pale. Nigar alikuwa katikati, chini ya ushungi mwekundu, juu kabisa ya mahali pa nguzo.

Kwenye ubeti wa mwisho, kitu kikalia huko chini kama kokwa ya jozi inayovunjwa kwa meno. Makbule akainua tari aanze tena.

"Acheni!" Zekiye alipiga kelele. "Nguzo nimeitoa! Chini hapo hakuna kitu. Mtoeni Nigar kwanza, mpite kandokando ya ukuta, mmoja mmoja!"

Wakatoka, sketi zikisugua ukuta. Kule chini vumbi la chokaa lilikuwa limetanda sebuleni, na mhimili ulikuwa na ufa mrefu kama mkono wa mtu.

Uani, Huriye alimkumbatia akilia. "Mungu akulipe, dada yangu. Mwingine angekufa na siri yake. Wewe umejivunjia heshima ukaniokolea mtoto."

"Mwanamke mkweli huyu!" akadakia Makbule. "Nami nilikuwa namcheka."

Hakuna aliyemuuliza alijua tangu lini. Kila sifa ilimkaa Zekiye kichwani kama kilemba cha ukoka.

"Njoo ukae, umechoka," Nigar alimwita, akasogea kumpa nafasi kwenye benchi. Kando ya goti lake ilionekana mikato ya kamba za punda.

"Nina kazi jikoni," Zekiye alisema, na hakukaa mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka.

Nguzo mpya iliwekwa wiki ileile, mwaloni mnene kuliko wa kwanza. Huriye akawa rafiki yake wa kufa na kuzikana, akimsifia kila nyumba anayoingia. Na hata uzeeni, Bi Zekiye alipokuwa kwenye harusi ya yeyote na wimbo wa bibi harusi ukaanza, aliinuka akaenda kuosha vyombo. Watu walisema hakuna mchapakazi kama yule.