Siku Moyo Ulipogeuka Kinanda

Aibu niliyoipata mimi sitamani hata mbaya wangu aionje, na ndiyo maana Jumapili, kinanda cha kanisani kikianza tu kulia, nainamisha kichwa na watu wanadhani nasali. Sisali. Najificha.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi huku juu milimani Same, si mbali sana na Mhezi, na mwaka juzi nilikuwa nimegundua jambo ambalo wenzangu ofisini hawakulijua (au walilijua ila hawakulipigia kelele kama mimi), kwamba mtandaoni kuna masomo ya bure kabisa, ya sayansi, ya hesabu, ya jiografia, yana picha na maelezo na majaribio ya kufanya kwa chupa na limau, na mwalimu yeyote anaruhusiwa kuyapakua na kuyafundisha. Basi nikawa sipumziki. Chai ya saa nne ilikuwa hainyweki bila mimi kumwonyesha mtu picha ya figo.

Mwalimu Mkuu, mama mpole lakini mwenye kumbukumbu ndefu, akaniita. "Mwalimu Msuya, tumeahidiwa tableti kumi za kufundishia, lakini hazipandi mlima huu mpaka tuwe na chumba chenye mlango wa maana na nondo madirishani. Wazazi wakikubali kutoa siku zao za msaragambo, wabebe mawe na mchanga pamoja bila malipo, chumba tunacho. Kwenye mkutano wa Ijumaa ya wiki ijayo waonyeshe hayo masomo yako, wayasikie."

Nikachagua somo la mwili wa binadamu, kurasa nne, zuri mno, ila lilikuwa la Kiingereza na sisi msingi tunafundisha kwa Kiswahili. Kukaa kulitafsiri ilikuwa kazi ya siku mbili, na Jumamosi ile mke wangu alikuwa amepika makande, yale ya kukaa jikoni tangu asubuhi, ya maziwa, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye kilima ninapotafutia mtandao nikiyawaza. Nikafungua programu ya kutafsiri kwenye simu, nikabandika kurasa zote nne, nikabonyeza, Kiswahili kikaja kabla sijakohoa. Nikasoma mstari wa kwanza ("Mwili wa binadamu ni wa ajabu sana"), nikaona mambo safi, nikashuka kula.

Jumatatu nilikuwa na semina ya siku tatu Same mjini, kwa hiyo nikapitia steshenari kuchapa. Dada wa pale akawa anazipanga kurasa, akasita.

"Mwalimu, hii umeisoma? Naona vinanda vingi."

Na mimi, tai shingoni, nikamjibu, "Chapa tu, dada yangu. Hiyo ni sayansi."

Nikampa dereva wa gari la kupanda mlimani bahasha aifikishe shuleni, pamoja na ujumbe kwa kiranja wa darasa la sita, binti anayeitwa Namsifu, kwamba yeye na wenzake wawili wakariri neno kwa neno, wasibadilishe hata nukta. Alhamisi nilirudi nimechoka, nikawauliza kama wameshika, wakasema ndiyo, nikawaamini. (Mwalimu mzembe huwa ana imani kubwa sana.)

Ijumaa wazazi walijaa ukumbini. Mbele kabisa alikaa Mzee Eliakimu, babu yake Namsifu, amevaa koti lake la ibada, mtu aliyepiga kinanda kanisani kwetu tangu mimi sijazaliwa. Namsifu akasimama, akawaamkia wakubwa shikamooni, wakaitikia marahaba, akavuta pumzi.

"Mwili wa binadamu ni wa ajabu sana. Ndani yake kuna vinanda vingi. Kinanda kikubwa kuliko vyote ni ngozi."

Nikadhani ulimi umemteleza. Akaendelea bila kutetereka. "Moyo ni kinanda kinachosukuma damu. Mapafu ni vinanda viwili vya kupumulia. Kila kinanda kimejengwa kwa magereza madogo sana, yasiyoonekana kwa macho."

Hapo ndipo nilipoelewa, na jasho likanitoka mgongoni huku nje kuna ukungu. Neno la Kiingereza linaloita ogani ya mwili ndilo hilo hilo linaloita kinanda, na linaloita seli ya mwili ndilo linaloita chumba cha mahabusu, na ile programu yangu haikujua tuko wapi, hospitalini, kanisani au jela.

Ningenyamaza, au ningesema nimekosea, yangeisha. Badala yake nikasimama nikasema, "Wazazi wangu, haya ni maneno mapya ya kitaalamu, tutayazoea." Sijui ulimi huo niliutoa wapi.

Bibi mmoja nyuma akauliza kwa upole, "Mwanangu, sasa nikibanwa kifua niende zahanati au kwa mwalimu wa kwaya?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mwenyekiti wa kamati ya shule akaweka kofia usoni. Mzee Eliakimu akangoja kicheko kipungue, akasimama taratibu. "Mwalimu, hiyo ya mapafu sina ugomvi nayo, hata kinanda cha kwetu kinajazwa upepo. Lakini hii ya ngozi nieleze vizuri, maana nimepiga kinanda miaka mingi, sijawahi kukikuna."

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mimi nilikuwa natafuta uongo wa pili, na nilikuwa karibu kuupata, ndipo nikamwona Namsifu. Alikuwa bado amesimama pale pale, mikono imebana sketi, macho yamejaa machozi, akamgeukia babu yake akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu alisema tusibadilishe hata nukta."

Ule uongo ukanikauka mdomoni.

"Namsifu hajakosea," nikasema. "Wala wenzake. Somo ni zuri, nililitafsiri kwa simu, sikulisoma, nikaenda kula. Nimekosea mimi, na dakika mbili zilizopita nimewadanganya."

Mzee Eliakimu akamwita mjukuu wake akamkalisha pembeni yake, akamfuta machozi kwa leso, kisha akauliza, "Ukilisoma vizuri, ni somo la kweli?"

"Ni la kweli, Mzee."

"Basi lisome sasa, tukiwa hapa."

Nikasimama mbele ya kijiji kizima na kalamu nyekundu, nikasahihisha kurasa nne kwa sauti, vinanda vikawa ogani, magereza yakawa seli, na kila nilipofuta kinanda kimoja wakashangilia. Mwisho wakapiga kura, msaragambo ukapita, ila mwenyekiti akaagiza iandikwe kwenye muhtasari kwamba siku zote za kubeba mawe Mwalimu Msuya atakuwa wa kwanza kufika. Nilibeba. Mabega yangu yanaweza kutoa ushahidi.

Tableti tunazo sasa, na masomo ya bure napakua kila wiki, siwezi kuyaacha. Ila nimeapa karatasi haitatoka mikononi mwangu kabla sijaisoma yote kwa sauti, nikiwa na njaa au nimeshiba, na darasani nimetangaza kwamba anayeona neno limekaa vibaya anyooshe mkono bila kuogopa. Wiki iliyopita walinyoosha wanne kwenye ukurasa mmoja. Nilikuwa nimeusoma mara mbili.