Mama Alipomtafutia Mbwa Nyumba Tulivu

Juzi, kwenye kundi la simu la mtaa wetu, binti mmoja aliweka picha ya mbwa na maelezo mafupi: anatafutiwa makazi mapya yenye utulivu, ni mwoga, hapendi kelele. Watu wakaanza kumcheka. Mmoja aliuliza kama mbwa huyo anahitaji na gari la kumpeleka kazini. Mwingine akasema hata yeye anatafuta makazi ya namna hiyo, mradi mkewe asijue. Mimi, ambaye kundini nafahamika zaidi kwa kusahihisha tahajia za wenzangu, nilikuwa nimeshaandika utani wangu, na ulikuwa mzuri kuliko yote. Nikaufuta. Nilikuwa nimemkumbuka mama, amesimama barazani kwa jirani kule Igogo, anasema maneno yaleyale.

Kama hukuishi Mwanza miaka ile ya tisini, ngoja nikueleze. Kila kitu kilikuwa ruksa, na kila aliyepata ruksa alinunua kwanza kitu cha kupiga kelele. Kulikuwa na mashine za kusaga, spika za mahubiri, mafundi wa kuchomelea mageti, na banda la video lililoturushia vilio vya wapigana karate mpaka kitandani. Umeme ulikuwa wa mgawo, kwa hiyo duka la jumla lilikuwa na jenereta. Nyumba zetu zilikuwa zimepanda mlimani katikati ya mawe makubwa, na sauti ikigonga jiwe ilirudi kutusalimia mara ya pili. Juu ya yote hayo ilitanda harufu ya mapanki yakikaangwa. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki hayo, yaani mifupa na vichwa. Tulivinyonya vichwa vile kwa furaha, tukiamini kwamba Mzungu ndiye aliyepunjwa.

Popi alikuja kwetu siku mabwana afya walipopita mtaani kupiga risasi mbwa wasio na wenyewe. Mbwa wengi wakati ule waliitwa Simba au Popi, na huyu hakuwa na usimba wowote. Alijipenyeza kwenye banda letu la kuni, mwembamba, sikio moja likivuja damu. Mama alimfunika kwa gunia, akakaa mlangoni, akaendelea kuchambua mchele. Yule mwenye bunduki alipouliza kama ameona mbwa, mama alimwangalia usoni, akasema hajaona. Bunduki ilikuwa karibu na goti lake. Hakutetemeka hata kidogo, na mimi niliamua siku hiyo kwamba mama yangu haogopi kitu.

Baba alikuwa amepunguzwa kazini mwaka ule. Alikuwa mtunza stoo wa shirika la umma, mtu wa kalamu mbili mfukoni, na shirika lilipofungwa alirudi nyumbani na kiinua mgongo na kalamu zake. Kiinua mgongo kilikwenda kwenye biashara ya samaki, na samaki wakaozea njiani. Baada ya hapo alianza kuchelewa kurudi, na kila aliporudi alikuwa mtu mwingine. Chakula kilikuwa cha baridi, au cha moto mno, au kimewekwa kwa dharau. Sahani zilirushwa. Kulipokuwa hakuna sahani karibu, kulikuwa na mama.

Popi alikonda badala ya kunenepa. Jioni alijibanza nyuma ya pipa la maji, anatetemeka mpaka pipa linatoa mlio. Baba alisema mbwa anayekojoa ovyo anamletea mkosi. Mwishowe akatangaza kwamba Jumapili ikimkuta mbwa huyo pale, atamkabidhi mwenyewe kwa mabwana afya.

Hapo ndipo mama alipoanza kutafuta. Alikwenda kwanza kwa jirani yetu mshona nguo, mimi nyuma yake nimemshika Popi kamba. Alisema anatafuta nyumba yenye utulivu. Alieleza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kumweleza mtu kuhusu mbwa: kwamba hali vizuri, kwamba usingizi wake ni wa kushtukashtuka, kwamba akisikia hatua za mtu nje anajikunyata, na kwamba zamani huenda alikuwa mchangamfu. Jirani hakusimamisha cherehani. Ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja, usiku alisikia kila kitu. Alishauri mbwa apakwe ugoro puani, eti huondoa woga.

Tukaenda Pasiansi kwa mwalimu wangu, mwanamke wa makamo aliyeishi peke yake karibu na ziwa. Kwake palikuwa na upepo na mawimbi tu, na mama alikaa kwenye kigoda alichopewa kama mtu asiyetaka kuinuka. Akaeleza tena yaleyale. Mwalimu alisikiliza huku ameinamisha kichwa, kisha akasema angempokea Popi kwa mikono miwili, ila kiwanja cha pembeni kimeshauzwa na wanajenga baa. Alipotusindikiza alimshika mama kiwiko, akamwambia mtoto huyu ana akili, atafaulu, asimwache asumbuke. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Njia nzima nilitembea kifua mbele, nikamsahau mbwa.

Jumamosi tulidandia lori la mnunuzi binafsi wa pamba, dereva akiwa mtu wa kwao mama, tukaenda Kisesa kwa shangazi. Popi alikuwa ndani ya gunia, kichwa nje. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Mji wake ulizungukwa na ua wa minyaa. Ndani palikuwa na kuku, harufu ya samadi iliyokauka, na chungu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vikichemka pamoja na karanga. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba ndefu ya kupima urefu wangu. Popi alifunguliwa, akanusa mpaka akachoka, akalala chini ya kihenge cha mtama miguu ameinyoosha. Sikuwahi kumwona amelala hivyo.

Mama akaanza maelezo yake, kwamba mbwa huyu ni mwoga wa kelele. Shangazi akamwacha amalize. Halafu akachukua mfuniko wa sufuria, akaubamiza kwenye jiwe la kusagia. Kuku walitawanyika, mimi niliruka. Popi alifungua jicho moja, akalifumba.

"Huyu haogopi kelele, wifi," shangazi alisema.

Mama alikuwa ameokota ungo wa choroko usio wake na kuanza kutoa mawe.

"Baba yetu alikuwa hivyo hivyo kama mumeo. Mimi nilikuwa nalala kwenye mtama." Shangazi aliurudisha mfuniko taratibu juu ya sufuria. "Mbwa nimempokea. Na wewe baki."

"Watoto wanasoma, wifi."

"Na hapa kuna shule."

"Shule ya hapa watoto wanakaa chini, wanachunga nusu ya wiki. Huyu mwalimu wake amesema atafaulu." Mama alinionyesha kwa kidevu. "Nikimtoa pale sasa, nitakuwa nimemharibia."

Wote wawili wakaniangalia. Nami, nikiwa na mdomo uliojaa michembe, nilikaa wima. Nilidhani nasifiwa.

Tulirudi jioni ileile. Likizo nilipelekwa Kisesa, nikamkuta Popi amekuwa mnene, anabweka kwa sauti nzito ambayo hatukujua anayo. Baba alipokuja kusalimia dada yake, Popi alitoka nje ya minyaa, akarudi kesho yake baba alipokwisha kuondoka. Watu wa Kisesa walicheka sana, wakasema mbwa huyu ana madaha. Alikufa mzee, kwenye kivuli. Shangazi naye akafuata, na mji wake wajukuu wameuza. Minyaa imeng'olewa, mahali pa kihenge pana ukumbi wa harusi wenye spika mbili ndefu kunizidi. Jirani mshona nguo alihama. Pasiansi ile baa ilijengwa, ikafilisika, ikajengwa nyingine. Ukinituma leo nimtafutie mbwa mwoga nyumba tulivu kati ya Igogo na Kisesa, sijui nianzie wapi.

Mama alikwenda Kisesa mara moja tu tangu siku ile, kumzika wifi yake. Alilala usiku mmoja, kisha akawahi kurudi, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anakaribia mtihani wa kidato cha nne.

Mimi nilifaulu, kama mwalimu alivyosema. Majina yalipobandikwa, baba alipongezwa na mtaa mzima, na jirani alimshonea kaunda suti.