Matone ya Mbwa Mkubwa

Mama yangu mdogo alikaa miaka kumi na tisa kwenye dirisha la dawa la daktari wa mifugo, na katika miaka yote hiyo hakumuuzia mtu dawa ya mnyama ambaye hakumpima. Ukija na mbwa, anapandishwa kwenye mizani ya sakafuni yenye mpira mweusi. Ukija na paka, unampakata, mnapanda wote wawili, kisha unapanda peke yako, naye anatoa. Wanawake walikuwa wakilalamika.

"Dada, umempima paka au umenitangaza mimi?"

"Paka ana kilo nne," anawajibu. "Zilizobaki ni siri yako na sufuria."

Ndipo wakamwita Mama Mizani.

Daktari alifariki mwaka juzi. Binti yake, aliyesomea biashara, hakutafuta daktari mwingine. Chumba cha matibabu kilijazwa rafu, dirisha likazibwa kwa mbao, dawa zikaanza kuuzwa mtandaoni. Mama mdogo akapewa kompyuta, maboksi na utepe wa kufungia. Mizani ikabaki kupima vifurushi.

Sipingi mtandao. Vitabu vyangu vya chuo nilivinunua humo. Lakini dawa si kiatu, kwamba kikibana utakirudisha. Mtu aliyezoea kuuliza, "Mnyama wako yuko wapi, nimwone?" ukimfungia chumbani na orodha ya majina na anwani, umemfumba macho huku unamwambia aendelee kufanya kazi.

Jumanne moja, saa mbili asubuhi, ilikuja oda ya matone ya viroboto ya mbwa wa kilo ishirini na tano hadi arobaini. Jina la mteja alilijua. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamume wa makamo anayeishi peke yake nyuma ya duka lake na paka wa kijivu aitwaye Meneja. Paka huyo hulala juu ya vitambaa na kumkodolea macho kila mteja anayeomba kupunguziwa bei. Mama mdogo akampigia simu.

"Fundi, habari za kazi? Hii oda ni yako?"

"Yangu. Meneja anajikuna mpaka watu wanaogopa kuniachia nguo zao."

"Mbona umeagiza ya mbwa?"

"Nitaigawa mara nane. Jirani yangu ndivyo anavyofanya. Ya paka mnauza kitone kimoja, ya mbwa bomba zima, na bei ni pua na mdomo. Mnatuona wajinga?"

"Fundi, si suala la wingi. Kilichomo humo mbwa anakivumilia, paka kinamuua. Hata tone."

Fundi akacheka. "Mama Mizani, mimi nakata vitambaa tangu sijaota ndevu. Suruali ya baba ukiipunguza inamtosha mtoto. Leo unifundishe vipimo?"

"Hii si suruali, Fundi. Hii ni..." Akatafuta mfano, akaukosa. "Usimpake kitu. Mchana nakuletea ya paka mwenyewe."

"Kuuza mnajua, ninyi," Fundi akasema, akakata simu.

Mama mdogo akakiweka kile kifurushi kando. Baada ya saa moja oda ikageuka nyekundu kwenye kompyuta, na binti wa daktari akatokea mlangoni.

"Shangazi, hii imekwama tangu asubuhi. Kuna nini?"

"Huyu anafuga paka, mwanangu."

"Boksi limeandikwa si kwa paka."

"Limeandikwa kwa herufi kama miguu ya sisimizi."

"Lakini limeandikwa. Sisi si askari wa kuchungulia nyumba za watu. Tukimnyima, atanunua kwingine. Tutakuwa tumesaidia nini?"

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ruhusa ya kutoka ilikuwa saa saba mchana, si kabla. Saa saba na dakika tano alikuwa mlangoni kwa Fundi, dawa ya paka mkononi. Cherehani ilikuwa kimya. Mezani, kati ya chaki na mkasi, palikuwa na bomba la matone lenye nembo ya duka jingine la mtandaoni. Fundi alikuwa ameagiza kwao mara tu alipokata simu, wakamletea kwa pikipiki kabla ya saa nne, ndipo akafuta oda yetu.

"Nilipaka sehemu moja tu ya nane," alisema. Alikuwa amepiga magoti. "Nilipima kwa bomba la sindano, sikukisia."

Meneja alikuwa chini ya meza akitetemeka mwili mzima, povu mdomoni, miguu ikitupatupa kama anayekimbia akiwa amelala ubavu. Mama mdogo akaomba beseni na sabuni ya vyombo. Wakamwosha shingo na mgongo kwa maji ya vuguvugu, wakamfunga kwa kitambaa cha bitana, wakasimamisha teksi. Daktari wa mifugo wa karibu sasa yuko upande wa pili wa mji. Zamani ilikuwa ni kuvuka barabara mbili tu.

Walipofika kwenye mataa ya pili, mtetemeko ulikoma. Dereva akauliza kama aendelee.

"Endelea," Fundi akasema, ingawa mama mdogo alikwisha kukifunika kile kichwa kidogo. Baadaye kidogo akamgeukia. "Lakini nilipunguza. Si umeona nilipunguza?"

"Nimeona," mama mdogo akamjibu.

Kazini alikuta barua ya onyo kwa kuchelewesha oda na kumpoteza mteja. Aliponisimulia nilipandwa na hasira. Nikamwambia, "Mama mdogo, acha kazi kesho. Nitakuandikia barua ya kujiuzulu ambayo wataibandika ukutani!"

"Na wewe kwa barua!" alisema. "Nikiacha, ataletwa mtu asiyemjua Fundi wala paka wake."

"Na kumjua kulisaidia nini?"

 Nilijuta kabla sijamaliza kuuliza, lakini neno likishatoka halirudi.

Siku ya pili yake nilimpelekea chakula cha mchana. Kwenye kompyuta palikuwa na oda ya matone yale yale, ya mbwa mkubwa, bomba moja, kwenda mji ambao sisi sote wawili hatujawahi kufika. Alipiga simu mara tatu, haikupokewa. Akalisoma jina la mteja kwa sauti, polepole, kama anayejaribu kukumbuka sura.

Kisha akavuta utepe, akaukata kwa meno, akafunga boksi.