Kuku Wasioshikika

Kila mgeni alipokuja, jirani wa Kavindu pale Mountain View alichinja kuku wa kwanza kushikika. Wazito waliliwa, wenye mbio walibaki wakataga. Baada ya miaka kumi na mitano, hata vifaranga walizaliwa na mbio za mama zao. Leo wakwe walikuwa wamefika getini naye bado anakimbiza kuku, leso imemlegea, viganja vyake vipana vikikamata hewa. Hatimaye alimnasa mmoja mpole, wa mwisho wa aina yake.

"Huyo mwache atage, jirani," Kavindu akamsihi kutoka upande wa pili wa ua. "Ndiye peke yake atakayekuzalia wapole."

"Na wakwe nitawapakulia ukoo wake?" Akajifuta jasho, akaitisha kisu.